Kompyuta za biashara zinasumbua na fundi yuko nje: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Biashara ndogo nyingi hazina mtu wa kompyuta ndani. Kuna fundi au kampuni inayolipwa kwa mwezi, hupigiwa simu mambo yakiharibika, na siku nyingine hakuna anayeikumbuka. Mpango huo wenyewe hauna ubaya. Shida huanza dalili inapojitokeza na kugundulika kwamba hakuna anayejua nani anashika nini: nenosiri la msimamizi mkuu liko kwa nani, jina la kikoa (lile linalotumika kwenye tovuti na barua pepe zenu, kama biashara.com) limesajiliwa kwa nani, nakala rudufu zinakwenda wapi. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa lina chanzo cha kiufundi, lakini kama litamalizika kwa saa moja au kwa wiki mbili hutegemea majibu ya maswali hayo.

Kabla ya kugusa chochote, andika nini kimeonekana (ujumbe wa kosa neno kwa neno, au piga picha skrini), saa ngapi, kama ni kwa mtu mmoja au kwa wote, na nini kilibadilishwa siku hiyo au jana yake. Fundi akiambiwa "mtandao umekufa" itabidi aanze kuuliza. Akiambiwa "kompyuta tatu za mapokezi hazifungui tovuti yoyote tangu saa nne asubuhi, ila simu zilizo kwenye Wi-Fi hiyohiyo zinafungua" ameshajua asitafute wapi.

Mteja anasema amelipa, nanyi hamjaona pesa

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi na ndilo linalochelewa kutambuliwa. Kompyuta zote zinafanya kazi, hakuna onyo lolote kwenye skrini. Mteja ana ankara yenye nembo yenu, imetumwa katikati ya mazungumzo yenu halisi. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki tu.

Mwombe mteja afungue barua ile na asome anwani nzima ya mtumaji, herufi moja baada ya nyingine, pamoja na anwani ya kujibia. Herufi "rn" zikiandikwa pamoja hufanana na "m", na tarakimu 1 hukaa vizuri mahali pa "l". Ukikuta anwani ni ya bandia, usipumue bado. Aliyeitengeneza alijuaje kiasi cha deni na siku ya kulipa? Kuna sanduku la barua linalosomwa na mtu asiyehusika, lako au la mteja, na lazima yote mawili yakaguliwe.

Ndani ya sanduku lililovamiwa huwa kuna alama. Ya kwanza kutafuta ni kanuni za kupanga barua: mvamizi hutengeneza kanuni inayochukua kila barua yenye neno "ankara" au "malipo", kuiweka alama kwamba imeshasomwa na kuificha kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, mara nyingi ile ya RSS, iliyowekwa kwa ajili ya milisho ya habari. Ndiyo maana mwenye sanduku haoni majibu ya wateja. Kisha tazama kama barua zinasambazwa kwenda anwani ya nje, kama kuna programu iliyopewa ruhusa ya kusoma barua, kama kuna simu ngeni iliyosajiliwa kupokea uthibitisho, na kama historia ya kuingia inaonyesha mahali ambapo hakuna mtumishi wenu.

Mpangilio wa hatua una uzito wake. Simu ya kwanza ni kwa benki, yenu na ya mteja, kabla hata ya fundi, kwa kuwa pesa iliyotumwa inaweza kuzuiwa kwa muda mfupi tu. Pili, piga picha kanuni zile na umwambie fundi apakue kumbukumbu za kuingia, maana mifumo mingi huzifuta baada ya muda na bila hizo hamtajua barua zipi zilisomwa. Ndipo mbadilishe nenosiri, mkitumia kompyuta nyingine isiyoshukiwa, na mfunge vipindi vyote vilivyo wazi, yaani mtoe kila kifaa kilichokwisha kuingia kwenye akaunti. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana: mara nyingi kubadilisha nenosiri peke yake hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia. Baada ya hapo futeni kanuni, ruhusa za programu na simu ngeni. Wajulisheni wateja kwa simu, si kwa barua pepe ile ile ambayo bado ina shaka.

Ili lisijirudie, mambo mawili hayana mbadala. La kwanza ni uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili) kwenye kila sanduku, hata la mtumishi anayeingia mara moja kwa wiki. Mwaka 2020 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba asilimia 99.9 ya akaunti zilizovamiwa walizokuwa wakizifuatilia hazikuwa na kinga hiyo. Tumieni programu ya simu au ufunguo maalumu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli. La pili halihitaji fundi: mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo yathibitishwe kwa kupiga namba mliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si namba iliyo ndani ya barua inayotangaza mabadiliko hayo.

Barua zetu zinaangukia kwenye folda ya taka

Kama tatizo limeanza ghafla, fungua kwanza folda ya zilizotumwa. Akaunti iliyotekwa na kutumika kusambaza barua taka huchafua jina la kikoa kizima, na hapo rudi juu, kwenye sehemu iliyotangulia.

Kama limekuwepo muda mrefu au lilianza mlipobadilisha mfumo wa ankara, chanzo karibu kila mara ni rekodi za kikoa. Rekodi ya SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. DKIM hutia kila barua sahihi inayoweza kukaguliwa. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyolingana na hizo mbili. Ofisi inaanza kutumia programu mpya ya uhasibu inayotuma ankara yenyewe, na hakuna aliyemwambia fundi aiongeze. Au mafundi wawili wa nyakati tofauti wameacha rekodi mbili za SPF, ilhali inatakiwa iwe moja tu. Au rekodi ni moja lakini imerundikwa huduma nyingi hadi kuvuka kikomo cha utafutaji 10 (mara ambazo seva ya mpokeaji hutafuta rekodi nyingine ili kuikagua), na ikivuka hapo hukataliwa.

Kupima ni rahisi. Tuma barua kwenye akaunti ya Gmail, fungua chaguo la kuona barua asilia, na utazame matokeo ya SPF, DKIM na DMARC. Mpigie fundi ukiwa nayo mkononi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: mtumaji wa barua nyingi, ambaye kwa Gmail ni anayefikia 5,000 kwa siku, lazima awe na zote tatu. Biashara ndogo haifiki huko, lakini naona hakuna sababu ya kukosa hata moja. Ni kazi ya mchana mmoja.

Tovuti na barua pepe vimezimika kwa pamoja

Vikizimika pamoja, na intaneti ya ofisi ikiwa nzima, shuku jina la kikoa kabla ya kushuku seva. Tafuta taarifa za usajili kwa WHOIS au mrithi wake RDAP, huduma za mtandaoni zinazoonyesha taarifa hizo, na uangalie tarehe ya mwisho. Ukikuta imepita, swali linalofuata ni nani mwenye akaunti kwa msajili. Mara nyingi ni fundi aliyetengeneza tovuti ya kwanza, kwa jina lake na anwani yake binafsi. Vilevile hutokea kwamba anwani ya mawasiliano imo ndani ya kikoa hichohicho, kwa hiyo kikiisha muda maonyo ya mwisho hayana pa kufikia.

Vikoa vya kimataifa kama .com vikifutwa baada ya kuisha muda huwa na siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha huachiwa yeyote. Kwa hiyo siku hiyo isipotee kwa lawama. Lipia kwanza, kisha hamisha umiliki kwa jina la biashara, ukiwa na anwani ya mawasiliano iliyo nje ya kikoa chenyewe.

Tovuti pekee ikionyesha onyo la usalama kwa kila mtu, mara nyingi cheti chake (hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe) kimeisha muda. Vyeti vya Let's Encrypt, kwa mfano, kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90 na vinategemea kujihuisha vyenyewe, na huo mtambo wa kuhuisha ukikwama hakuna anayejua hadi wateja walalamike. Lakini kompyuta moja tu ikiona kila tovuti ina cheti kibovu, tazama saa na tarehe yake. Betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, ikifa, kompyuta ikizimwa hurudi miaka ya nyuma na kuona vyeti vyote havijaanza kutumika.

Faili hazifunguki na majina yake yamebadilika

Faili zimeongezewa herufi ngeni mwishoni, na kwenye kila folda kuna maandishi yanayodai malipo. Hii ni programu hasidi ya kudai fidia, na dakika kumi za kwanza zina kazi mahususi.

Chomoa kebo za mtandao na uzime Wi-Fi kwenye kompyuta zote, hata zile zinazoonekana nzima. Kama kukata mtandao kunawezekana, usizime mashine zilizoathirika, kwa kuwa kumbukumbu ya ndani inaweza kuwa na ushahidi. Kama haiwezekani, zima. Usichomeke diski ya nakala rudufu "kuangalia kama iko salama". Nalisisitiza hili kwa sababu ni mkono wa kawaida kabisa wa mtu aliyeshtuka, na ndio unaopeleka diski iliyokuwa salama kwenye mashine inayoendelea kufunga faili. Usifute wala kusakinisha upya. Piga picha ujumbe wa fidia, kisha mpigie fundi kwa simu, maana barua pepe yenu inaweza kuwa inasomwa.

Kazi ya fundi ni kutafuta mashine iliyoanza na mlango ulioingiwa. Milango ya kawaida ni michache. Upo wa kiambatisho cha barua. Upo wa RDP, huduma ya Windows ya kuingia kutoka mbali inayotumia poti 3389, iliyoachwa wazi kwa dunia nzima ili mtu fulani afanye kazi akiwa nyumbani. Upo wa masasisho yaliyoahirishwa: WannaCry, programu ya kudai fidia, ilienea Mei 2017 kupitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ofisi ambayo bado inaitumia bila mpango wa masasisho ya ziada inajaza orodha ya udhaifu usiozibwa.

Mlango wa nne unamhusu fundi mwenyewe. Tarehe 2 Julai 2021 kundi la wahalifu la REvil lilitumia udhaifu wa Kaseya VSA, programu ambayo kampuni za huduma za kompyuta hutumia kusimamia mashine za wateja wao kutoka mbali. Wateja wa moja kwa moja wa Kaseya walioguswa hawakufika 60, lakini biashara zilizo chini yao zilikadiriwa kufikia 1,500. Huko Sweden, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Biashara hizo hazikubofya kiungo kibaya. Madhara yalipita katika njia ileile ya msaada. Kwa hiyo una haki kamili ya kumuuliza anayekuhudumia: programu yako ya kuingia kutoka mbali inalindwa kwa hatua mbili? Kila mtumishi wako ana akaunti yake, au mnatumia moja? Ninaweza kuona orodha ya nani aliingia na lini? Fundi makini hujibu bila kukasirika.

Kuhusu kulipa fidia, msimamo wangu ni kwamba usiamue siku ya kwanza. Tazama kwanza mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, ambao hutoa bure zana za kufungua faili kwa aina kadhaa za programu hizi. Malipo hayana dhamana. NotPetya ya Juni 2017 ilidai pesa ilhali haikuwa na njia ya kurudisha data. Kampuni ya meli ya Maersk ilipopigwa nayo, seva zake zote zinazosimamia watumiaji zilifutwa isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo saa ile haikuwa mtandaoni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Wakaijenga upya mifumo yao wakianzia kwenye nakala hiyo moja. Nakala isiyounganishwa ndiyo iliyosalimika, na ofisi ya watu sita inaweza kuipata kwa diski ya pili inayokaa kabatini bila kusubiri umeme ukatike.

Usirudishe data kabla mlango haujapatikana na kuzibwa. Ukirudisha mapema, mtu yuleyule atapita palepale.

Ripoti inasema nakala rudufu imefaulu, lakini faili hazipatikani

"Imefaulu" maana yake ni kwamba programu ilinakili kile ilichoambiwa inakili. Mlipohamia programu mpya ya uhasibu, data ikahamia folda nyingine, na orodha ya nakala ikabaki ya zamani. Au hifadhidata ilikuwa wazi wakati wa kunakiliwa na nakala yake haifunguki. Au nakala zimesimbwa kwa nenosiri analolijua fundi aliyekwisha kuondoka. Au kilichoitwa nakala rudufu ni folda inayosawazishwa na hifadhi ya mtandaoni, ambapo ukifuta faili hapa inafutika na kule pia. Huduma hizo nyingi huhifadhi matoleo ya zamani, ila kwa siku zenye kikomo.

Kipimo ni kimoja: kila miezi mitatu chagua faili moja na hifadhidata moja nzima, mwambie fundi azirudishe kwenye mashine tofauti, na mtu wa uhasibu azifungue na kusoma rekodi ya juzi. Andikeni ilichukua muda gani. Idadi ya nakala ifuate kanuni inayojulikana, nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo, na mimi ningeongeza kwamba moja isiunganishwe kabisa.

Dirisha jekundu lenye king'ora na namba ya simu

Ni utapeli. Microsoft inasema wazi kwamba ujumbe wake wa makosa hauwi na namba ya simu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili kufungua Task Manager, funga kivinjari humo, na usikubali kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Kama mtumishi ameshampigia tapeli na kumfungulia mlango wa kuingia kutoka mbali, kata mtandao, piga benki, badilisha manenosiri kwa kutumia mashine nyingine, kisha fundi aichunguze ile ya kwanza kabla haijarudi mtandaoni. Mtumishi asikaripiwe. Akikaripiwa, atakayefuata ataficha. Msaada wa kweli hapa ni kila mtumishi kujua jina la programu ambayo fundi wenu hutumia kuingia, na kwamba fundi haji bila kuitwa.

Intaneti haipo, au ipo kwa baadhi

Kompyuta moja ikiwa na anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) inayoanza na 169.254, haikupewa anwani na ruta. Anza na kebo yake. Ping (amri ya kupima kama mashine ya mbali inajibu) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Mtandao mzima wa ofisi ukiganda ghafla huku taa zote za swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao wa ofisi) zikimetameta pamoja, tafuta kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyohiyo, kwa kawaida na mtu aliyekuwa akipanga meza vizuri.

Kompyuta imekuwa nzito

Tazama nafasi ya diski, kumbukumbu, na kama kuna programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana. Mashine yenye diski ya kuzunguka ikibadilishiwa SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, mara nyingi hupata maisha mapya. Feni ikivuma wakati hakuna mtu anayeitumia, mwite fundi. Huenda kuna programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako.

Fundi hapatikani, au anakuja na tatizo linarudi

Soma mkataba. Mingi hutaja muda wa kujibu bila kutaja muda wa kutatua, na "tumepokea ombi lako" huhesabiwa kuwa jibu. Chanzo cha pili ni namna ya malipo: fundi anayelipwa kwa kila hitilafu hana faida ya kuzuia hitilafu, hata akiwa mwaminifu. Tatizo likirudi mara ya tatu, kataa tiketi (rekodi ya ombi lako la msaada) ifungwe hadi iandikwe sababu yake na kilichobadilishwa. Na upande wako uwe na mtu mmoja anayeongea na fundi, la sivyo maombi matano yanayopingana yatamfikia siku moja.

Bila kusubiri ugomvi, biashara iwe na akaunti yake ya msimamizi mkuu kwenye barua pepe, kikoa, ruta na mfumo wa nakala rudufu, nenosiri lake likiwa kwenye bahasha iliyofungwa au kwenye programu ya kutunza manenosiri ambayo mwenye biashara anaifikia. Akaunti hiyo haitumiki kila siku, na ikitumika onyo limfikie mwenye biashara.

Mkiamua kuachana, fanyeni kwa mpangilio huu. Kwanza hakikisha akaunti yako ya msimamizi inaingia kweli kila mahali, kwa kuingia, si kwa kuambiwa. Pakua orodha ya vifaa, leseni na tarehe zake za kuisha. Rudisha data moja kutoka kwenye nakala rudufu bila msaada wake. Ndipo uondoe akaunti zake, ung'oe programu yake ya kuingia kutoka mbali kwenye kila mashine, ubadilishe nenosiri la ruta na la Wi-Fi, na ufute funguo alizoweka kwenye huduma za mtandaoni. Wiki moja baadaye, fundi mpya afungue kumbukumbu za kuingia na atafute jina lolote la zamani ambalo bado linajaribu.